Dawa ya Kupunguza Kasi

Nilianza kumwangalia kwa makini siku niliposahihisha madaftari ya kidato cha tano nikakuta amejibu swali ambalo sikuuliza.

Swali langu lilikuwa la ngazi. Ngazi ya mita tano imeegemea ukuta, mguu wake unavutwa kutoka ukutani kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Mguu ukiwa umefika mita tatu kutoka ukutani, kichwa cha ngazi kinateremka kwa kasi gani? Kila anayefundisha kalkulasi analo swali hili, na kila mwaka nusu ya darasa wanasahau kwamba vitu viwili vinabadilika pamoja na lazima vitofautishwe pamoja, vyote kwa wakati. Msichana huyu hakusahau. Ila alinakili swali likiwa na pengo. Pale ambapo ubaoni niliandika nusu mita kwa sekunde, daftari lake lilikuwa tupu. Kwa kuwa hakuwa na kasi, alijipa yake, akaiita k, akafanya kazi yote kwa unadhifu, na mwisho akaandika: kichwa cha ngazi kinashuka kwa robo tatu ya k.

Jibu lilikuwa sahihi. Nilimwita.

"Mbona hukutumia kasi niliyotoa?"

"Madamu, hukutoa kasi."

Swali lilikuwa bado ubaoni, na kasi ilikuwa mwisho wa mstari, juu kulia. Nilimwonyesha kwa kidole. Alitazama mbele yake, akatazama kushoto, kisha akageuza kichwa chote kulia kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

"Aa," akasema. "Iko huku."

Nilikuwa nikifundisha Mbale wakati huo, kama ninavyofundisha sasa, katika shule ya bweni iliyo karibu na barabara ya kwenda mlimani. Nyumbani kwangu ni Jinja, Walukuba, kwa sababu mume wangu ni mtu wa kiwandani na viwanda viko huko. Nilikuwa nikienda nyumbani likizo na baadhi ya mwisho wa wiki. Mimi nilizaliwa upande wa Kenya, na Kiluganda changu mpaka leo ni cha sokoni. Kimasaba, lugha ya watu wa Mbale, sina kabisa. Shuleni tunafundisha kwa Kiingereza, lakini nje ya darasa nilikuwa mpweke wa lugha, na mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mzima, aliwahi kuniomba nisiongee Kiswahili kwa sauti katika chumba cha walimu. Hakuwa na ubaya. Alisema tu kwamba akikisikia, mgongo wake unakumbuka viboko vya wanajeshi wa zamani, ambao lugha yao ilikuwa hiyo.

Msichana huyu alikuwa nacho Kiswahili. Baba yake ni askari wa magereza, mtu wa kaskazini, na mama yake, aliyekwisha kufariki, alikuwa mtu wa Busiu, kijijini karibu na Mbale. Mume na mke hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa, basi nyumba nzima ikaongea Kiswahili cha kambini, na mtoto akakulia humo, katika nyumba za askari kule Jinja. Kwa hiyo tulipokutana mimi na yeye uwanjani tuliongea kama watu wa nyumba moja, na nadhani ndiyo sababu aliniambia yale ambayo hakumwambia matroni. Kwamba alikuwa akiipiga teke ndoo ya maji karibu kila asubuhi. Kwamba wasichana wa bweni walimwita mwenye maringo kwa sababu hakuitikia salamu za watu waliompita kando.

"Siwaoni, madamu. Wanatokea tu."

Nilimpeleka kliniki ya macho siku iliyofuata. Walimkalisha mbele ya mashine, kidevu juu ya kiegemeo, wakampa kitufe cha kubonyeza kila akiona kimulimuli. Nilikaa pembeni. Vimulimuli nilikuwa nikiviona kupitia upande wa mashine, na nilisikia kitufe. Vilikuwa vikiwaka vingi, na kitufe kilikuwa kimya muda mrefu.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. "Ni presha ya macho," alisema. "Inaua mshipa wa jicho taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati. Ndiyo sababu hakujua. Jicho la kushoto limeumia zaidi." Akamgeukia yeye mwenyewe, jambo lililonifurahisha, akasema, "Kilichopotea hakirudi. Sitakudanganya. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki."

"Kinapotea kwa kasi gani?" msichana aliuliza.

Daktari alinitazama. "Huyu anasoma nini?"

"Hesabu, fizikia na kemia."

"Basi atanielewa. Kipimo kimoja hakiniambii kasi. Aanze dawa, arudi muhula ujao, tupime tena."

"Kweli," msichana akasema. "Nukta moja haina mteremko."

Alisema kwa utulivu kabisa, kana kwamba tunazungumzia zoezi. Machozi yalimtoka baadaye, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa. Nilimshika mkono.

Dawa ilikuwa kichupa kidogo cha matone. Tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yote. Baba yake alinunua cha kwanza bila maswali, akakituma na dereva wa magereza, na kila kilipokwisha alituma kingine. Tulikiweka kwenye friji ya maabara. Kila jioni kabla ya chakula alikuja, akainamisha kichwa nyuma, akajiwekea mwenyewe. Aliniomba nisitazame.

Darasani nilimhamishia kiti cha mbele katikati, na nikabadili namna ya kufundisha. Sikuwaambia wengine sababu. Mada ilikuwa ileile, viwango vya mabadiliko vinavyofungamana, na maswali yake yote vitabuni ni picha: tangi lenye umbo la pia, yaani koni, kivuli cha mtu anayetembea kutoka kwenye taa, puto linalojazwa. Nilianza kuleta vitu. Siku moja nilileta debe la mahindi nikamwita aje mbele, nikamwomba mwanafunzi mwingine ayamimine sakafuni taratibu, kwa mwendo mmoja. Mahindi yalijijenga kuwa lundo lenye ncha. Nilimwambia aweke kiganja juu ya ncha, bila kubonyeza, na aliambie darasa anachosikia mkononi.

"Linapanda," alisema. "Linapanda haraka." Kisha baada ya kitambo, "Sasa limepunguza."

"Mwenzako amepunguza kumimina?"

"Hapana, nasikia sauti ni ileile. Ila lundo linajitandaza chini. Mahindi yaleyale sasa yana mahali pengi pa kwenda."

Nilichukua chaki nikaandika ujazo wa pia, theluthi moja ya pai mara nusu-kipenyo mraba mara kimo, nikawaonyesha kwamba katika lundo lile nusu-kipenyo na kimo vinakua pamoja, kwa hiyo kimoja kinaweza kuandikwa kwa kingine, na ukitofautisha kwa wakati unakuta kasi ya kimo inagawanywa kwa mraba wa kimo chenyewe. Lundo likiwa refu maradufu, kasi yake inabaki robo. Wengi walilielewa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa amelielewa kwa kiganja kabla sijaandika herufi.

Muhula uliofuata tulirudi kliniki. Mashine ileile, kitufe kilekile. Daktari aliweka kipimo cha zamani na kipya pamoja mezani, akavitazama, akavitazama tena.

"Vizuri sana," alisema. "Karibu havina tofauti."

Tulipotoka nje msichana alinishika kiwiko, maana ngazi za pale hazionekani vizuri hata na mimi. "Madamu, mteremko uko karibu na sifuri," alisema, akacheka kwa sauti hadi mlinzi wa getini akageuka. Katika miaka miwili ile sikumsikia akicheka hivyo tena.

Halafu ikaja likizo ndefu, kila mtu akaenda kwao.

Mvua ilikuwa nyingi Jinja mwaka huo. Nilikuwa nyumbani Walukuba nikianika nguo barazani, ndani ya nyumba, popote palipokuwa na waya, niliposikia bodaboda ikisimama. Alikuwa yeye. Alisimama getini akipapasa komeo upande usio wa komeo. Nilimkaribisha, nikamkalisha, nikampa chai. Alikunywa nusu.

"Baba amesimamisha dawa," alisema.

"Lini?"

"Tangu tulipofunga shule. Anasema haifanyi kazi. Kuna mtu Wanyange, karibu na ziwa, anatoa dawa ya mizizi. Anasema yeye anarudisha macho kabisa."

"Umeitumia?"

"Inachoma sana, madamu."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilikwenda naye hadi nyumba za askari. Baba yake alinipokea kwa heshima kubwa. Alikuwa mtu mrefu, amevaa shati la kiraia lililopigwa pasi kama sare, na chumba kilikuwa safi kuliko changu. Alinivutia kiti, akamwagiza binti yake soda, akaketi mbele yangu mikono juu ya magoti. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi.

"Mwalimu, mimi najua kwa nini wewe nakuja."

"Afande, nimekuja kwa ajili ya macho ya mtoto."

"Sikia. Ile dawa ya hospitali mimi nanunua karibu mwaka mzima. Mimi sikataa hata siku moja. Kila mara mimi nauliza mutoto, unaona vizuri? Yeye nasema, vilevile." Akainua mkono. "Vilevile! Dawa gani hii ya vilevile?"

"Vilevile ndiyo kazi ya dawa, afande. Bila dawa angekuwa amepungukiwa."

"Wewe naona wapi hiyo ya kupungua?"

Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa nikimwomba aone kitu ambacho hakikutokea. Darasani ningechora mistari miwili, mmoja ukiporomoka, mwingine ukienda karibu sambamba na sakafu, na ningewaambia wanafunzi watazame nafasi iliyo katikati ya mistari, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo dawa. Kwa mtu huyu mchoro usingesema kitu. Nikaomba jerikeni. Alikuwa nayo moja kuukuu, yenye ufa chini. Niliijaza maji pale nje, mbele ya mlango, nikaiacha ivuje, kisha nikakandamiza ufa kwa kipande cha sabuni hadi uvujaji ukawa matone.

"Tazama, afande. Maji yaliyomwagika hayarudi. Sabuni haijaongeza maji hata kikombe. Ukiangalia jerikeni utasema, vilevile. Lakini ukiondoa sabuni, jioni hakuna maji."

Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameelewa. Nimefundisha muda wa kutosha kujua uso wa mtu aliyeelewa.

"Mwalimu," alisema, "mama yangu kule kwetu alienda kipofu. Polepole. Mimi nilikuwa mutoto, mimi ndiye namshika mkono kwenda kisimani, kwenda kanisani, kwenda choo. Miaka yote. Mimi najua polepole kushinda wewe." Akaisukuma jerikeni kwa ncha ya kiatu, bila hasira. "Sasa wewe nakuja kuniambia mutoto yangu naenda njia hiyo hiyo, polepole, na mimi niseme asante. Yule mtu ya Wanyange nasema ataona. Wewe nasema hataona, ila kwa kuchelewa. Kama ni wewe, utaenda kwa nani?"

Nilikuwa na ukweli, na yule mtu wa Wanyange alikuwa na kitu kizuri zaidi.

Binti yake alikuwa amerudi na soda, amesimama ukutani. "Baba," alisema, "mimi nataka hiyo polepole. Nataka nimalize shule nayo."

Baba yake hakumtazama. Aliingia ndani, akafuta meza kwa kiganja, mahali palipokuwa pakavu.

"Nimesikia," akasema.

Na ni kweli alisikia. Wiki hiyo alinunua kichupa, msichana alinipigia kwa simu ya baba yake kunieleza. Ya Wanyange ilimwagwa. Nilikwenda sokoni siku hiyo nikiwa mwepesi wa moyo. Lakini kabla shule haijafunguliwa amri ilitoka, askari huyo akahamishiwa gereza la mbali huko kaskazini, aondoke mara moja. Nyumba ya serikali ikatakiwa. Msichana akapelekwa kwa bibi yake mzaa mama, Busiu, angojee hapo hadi baba atume karo. Kichupa kilipokwisha hapakuwa na fedha ya kingine, wala aliyejua baba alikokuwa akikinunua. Bibi alikuwa mkulima, hakuwahi kuambiwa jambo lolote kuhusu matone. Baba alikuwa mahali pasipo na mtandao. Mimi nilikuwa Jinja nikiamini yuko kwa baba yake, na nilipopiga simu niliambiwa namba haipatikani.

Shule ilifunguliwa bila yeye. Wiki zikapita. Siku aliporudi alifika darasani mkono ukiwa begani mwa mwenzake, na nilipoona namna alivyoweka mguu juu ya kizingiti, nilijua.

"Kushoto kumezimika, madamu," aliniambia baada ya kipindi. "Kulia ni kama kutazama ndani ya bomba la kalamu. Ukisimama mbali nakuona mzima. Ukinikaribia, nakuona mdomo tu."

Kliniki, safari hii daktari hakuweka vipimo pamoja mezani. Alisoma kimoja peke yake, akaandika dawa, akaongeza nyingine. Msichana hakuuliza kasi. Alikuwa na nukta tatu sasa, na hesabu ya kuunganisha nukta tatu aliijua vizuri kuliko sisi sote chumbani.

Mwaka wa mwisho tuliufanya kwa mdomo. Nilimsomea maswali jioni ukumbini, yeye akajibu hatua kwa hatua, mimi nikaandika. Alikuwa na uwezo wa kuweka mistari mitano sita ya kazi kichwani bila kupoteza alama ya kutoa. Mtihani wa taifa ulipofika alipewa msomaji na chumba chake. Mwalimu wa somo haruhusiwi, kwa hiyo akapewa mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole ambaye hakuwahi kukutana na kalkulasi. Mama huyo alisoma alama kama alivyoziona, herufi moja moja, na pale palipokuwa na mchoro alisema, "Hapa kuna picha ya kitu kama mviringo, mwanangu, na mishale."

"Kulikuwa na swali la mafuta yaliyomwagika juu ya maji," msichana alinisimulia alipotoka. "Duara linapanuka, eneo linaongezeka kwa kasi fulani, tafuta kasi ya nusu-kipenyo. Lile nililifanya. Lakini fizikia, madamu, fizikia yote ni picha."

Matokeo yalikuja. Hesabu alifaulu, tena vizuri, wa pili katika shule. Fizikia na kemia alianguka. Hakuna chuo kilichomwita.

Nilimtembelea Busiu mwezi mmoja baadaye. Ilikuwa msimu wa kuvuna, na kila uwanja ulikuwa umetandazwa mahindi juu ya maturubai, watu wakitazama mawingu. Nilimkuta barazani na bibi yake wakipukuchua, beseni katikati yao. Mikono yake ilikuwa na haraka. Baba yake alikuwepo, amepewa likizo, amekonda. Alisimama kunisalimu, akasimama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mwalimu, mimi ndiye naweka dawa sasa," alisema. "Mimi mwenyewe. Nikiondoka, bibi."

"Vizuri, afande."

"Iko kitu bado ya kulinda?"

"Iko kidogo. Jicho moja."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya nyumba, na sikumwona tena mpaka nilipokuwa nikiaga.

Nilikuwa nimesikia habari za mahali wanapofundisha kusoma kwa vidole, na nilimweleza. Alisikiliza akiendelea kupukuchua. Alisema atakwenda, lakini si sasa, maana bado anaona mwanga wa mlango na anataka kuutumia kwanza. Nilimwuliza kama bado anafanya hesabu.

"Nimeacha," alisema. "Zamani nikifika katikati karatasi ilikuwa inanishikia nilikotoka. Halafu wewe ukanishikia. Sasa lazima nishike vyote mwenyewe, na nikishika mwanzo, mwisho unaniponyoka. Nachoka, madamu."

Bibi yake aliuliza kwa Kimasaba tunaongea nini. Alimjibu kwa kifupi, bibi akanitazama, akanimiminia mahindi kwenye mfuko niende nayo.

Alinisindikiza hadi barabara ya Tororo, mkono wake juu ya kiwiko changu, akiniambia mapema palipo na mfereji kwa sababu njia ile aliijua kwa miguu. Mawingu yalikuwa yameshuka na watu walikuwa wakikunja maturubai. Gari la kwenda Mbale lilisimama. Kondakta alimwuliza yeye kama anapanda. Alisema hapana. Niliingia, nikageuka kumpungia mkono, kisha nikaushusha. Alibaki ukingoni mwa barabara, uso kuelekea upande tuliotoka, akingoja bibi yake aje amchukue kabla ya mvua.